Aibu ya Chombo

Napenda kuwasimulia wasomaji jambo lililonipata katika kununua chombo cha tanga kilichokwisha tumika. Nililifikiri sana kabla ya kuliandika, kwa kuwa ndani yake mna kitu kisichonipa sifa. Lakini mwenye kuficha aibu ya bidhaa humdhulumu mnunuzi mmoja, na mwenye kuficha funzo huwanyima wengi.

Mwezi wa Agosti mwaka 2022 mtoto wa ndugu yangu alikuja kwangu Lamu. Kijana huyu amefanya kazi miaka mingi katika vyombo vya matanga vya Wazungu, vile viitwavyo yoti, akivipeleka kutoka bandari hata bandari: Zanzibar, Ngazidja, Nosy Be, Shelisheli. Akaniambia, "Ami, nimechoka kuwashikia watu usukani wao. Kuna yoti inauzwa Kilifi. Nataka chombo changu mwenyewe, nichukue wageni kutoka hapa mpaka Pemba, na Mungu akipenda mpaka Ngazidja. Nina nusu ya fedha. Nakuomba ukanitazamie, na ukiridhika tushirikiane." Mkopo wa riba hakuutaka, na mimi nilikuwa na akiba yangu ya uzeeni. Nikamwambia, "Twende nikaone kwanza, mwanangu. Chombo hakinunuliwi kwa maneno."

Tulikikuta kimepandishwa nchi kavu kando ya hori ya Kilifi, kimesimama juu ya mkuku wake na kuegemezwa magongo ya chuma pande zote mbili. Urefu wake futi 36, kimejengwa Uingereza kwa faiba mwaka 1978. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kizungu aliyekaa ndani yake na mkewe miaka 14, na sasa mkewe alikuwa mgonjwa na wanataka kurudi kwao.

Nilicheka moyoni. Chombo cha miaka 44! Jahazi la mbao likifika umri huo bila ya kubadilishwa mbao zake, watoto hulichezea pwani. Kijana akaniona, akasema, "Ami, faiba haiozi kama mbao. Vyombo vingi vya zamani vilijengwa vinene kuliko hivi vya leo. La kutazama si miaka, ni namna kilivyojengwa na namna kilivyotunzwa." Akanipa mfano wa mashindano ya Fastnet ya Agosti 1979, katika bahari iliyo baina ya Uingereza na Ireland. Vyombo 303 vilitoka, vikakutwa na dhoruba kubwa, hata mia havikumaliza, na wanamashindano 15 walikufa. Katika daraja la vyombo vidogo kabisa kilimaliza kimoja tu, jina lake Assent, cha futi 32, cha aina ya Contessa 32, kilichojengwa kwa faiba hiyo hiyo katika miaka hiyo hiyo ya 1970.

Basi nikaanza kutazama kwa macho ya kujifunza. Sisi majahazi yetu hujishikilia kwa upana wao, na kwa shehena, na kwa farumi ya mawe au mchanga tuiwekayo chini. Yoti ya bahari kuu farumi yake iko nje, chini kabisa. Ni pande la risasi au la chuma, ambalo mara nyingi ni thuluthi ya uzito wote wa chombo au zaidi, nalo limefungwa kwa bolti nene zinazopita katika sakafu. Wimbi likiilaza yoti mpaka mlingoti ukagusa maji, uzito ule huiinua tena. Kwa hiyo roho za waliomo zinaning'inia katika bolti zile, na katika mbavu za ndani zinazozishika.

Tulikuwa na mkaguzi wa vyombo, na hili nawausia wote: mkaguzi huajiriwa na kulipwa na mnunuzi, si na mwuzaji. Alikigonga chombo kizima kwa nyundo ndogo, kama mafundi wetu wanavyogonga mbao. Penye uzima nyundo hulia sauti kavu, na penye ugonjwa sauti hufa. Alitafuta malengelenge chini ya mstari wa maji, kwani maji ya bahari hupenya pole pole katika ngozi ya faiba yakafanya malengelenge, na ukilitoboa moja hutoka maji yenye harufu ya siki. Alitembea juu ya sitaha kwa miguu mitupu, akisikiliza kwa nyayo. Sitaha nyingi za faiba zina mbao nyepesi katikati, na maji yakiingia kwa tundu za skrubu mbao zile huoza, juu pakabaki pazuri na chini ni uji. Alitazama vyuma vinavyoshika nyaya za mlingoti pale vinapopenya sitaha, kwani hata chuma kinachoitwa hakishiki kutu huliwa mahali pasipoonekana. Alikwangua vali za shaba zinazopitisha maji, maana shaba ikigeuka rangi ya waridi basi chumvi imekwisha kuila. Nyaya za mlingoti aliuliza zina miaka mingapi, kwa sababu watu wengi wa bima hutaka zibadilishwe zikifika miaka kumi au zaidi kidogo, hata kama zinang'aa.

Niliona kwamba karibu kila alichotafuta kilikuwa chini ya kitu kingine. Hakuna aibu ya chombo iliyokaa juu ikimngoja mnunuzi.

Ndipo nikauliza swali ambalo kila nahodha huliuliza: "Kimepata kupanda mwamba?"

Kijana akamfasiria. Yule mzee hakunijibu papo hapo. Alipanda ngazi, akaingia ndani, akarudi na daftari la jalada gumu lililochakaa pembe zake. Akafungua ukurasa, akasoma. Mwaka 2016, upande wa kaskazini wa Madagascar, jua likiwa machoni mwake, alipanda jiwe la matumbawe, akakaa juu yake mpaka maji yalipojaa. Mbavu za ndani zilipasuka mahali pawili nyuma ya mkuku. Zilitengenezwa, na alikuwa na picha za kabla na za baada, na hati za malipo. Kisha akainama akaonesha kwa kidole mahali chini ya chombo, akasema, "Hapa nimepaka rangi mwaka huu. Rangi inaficha. Mwambieni mkaguzi aikwangue."

Kijana wangu akaninong'oneza, "Ami, mzee huyu anajikata bei mwenyewe."

Mimi sikumjibu.

Mkaguzi akakwangua. Akakuta ufa mwembamba kama unywele baina ya farumi na mwili wa chombo, na ndani akakuta mbavu moja haikushikana sawa sawa na sakafu baada ya matengenezo yale. Akasema si jambo la kukikataa chombo, ila lazima farumi ishushwe, bolti zitazamwe moja moja, na mbavu ijengwe upya kabla ya kwenda bahari kuu. Akatueleza habari ya yoti moja ya Uingereza iliyokuwa na jina lenye neno la Kiswahili ndani yake, Cheeki Rafiki. Mwezi wa Mei mwaka 2014 ilikuwa ikitoka Antigua kurudi Southampton. Katikati ya bahari ya Atlantiki farumi yake ikatoka, chombo kikapinduka, na mabaharia wote wanne wakapotea. Kilipopatikana kimeelea kifudifudi, mashua yao ya kuokolea ilikuwa bado imefungwa mahali pake. Wachunguzi wa serikali ya Uingereza walisema kwamba huenda kule kugusa chini siku za nyuma, na matengenezo yaliyofuata, ndiko kulikodhoofisha mahali farumi iliposhikana na chombo.

"Kwa hiyo," akasema, "swali lako, mzee, lilikuwa ndilo swali."

Aliyasema kwa kunisifu, na maneno yale yakaniingia kama msumari. Kwani swali lile niliwahi kuulizwa mimi.

Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Sisi watu wa Lamu boriti ndiyo iliyokuwa shehena yetu ya kwenda Uarabuni, na baada ya hapo manahodha wengi tulibaki kugombania mizigo ya Mombasa. Mwaka 1985, usiku, karibu na Kiwayuu, jahazi langu lilipanda mwamba. Mataruma matatu yalivunjika na mkuku ukaingia ufa. Sikuwa na fedha za kuutoa mkuku. Nikapiga kiraka, nikaujaza ufa kwa deheni, nikarudisha mbao za chini, nikapanga farumi juu yake. Mwaka 1986 akaja mwenzangu mmoja wa Siyu, nahodha mtu mzima kuliko mimi, akitaka kulinunua. Akalitembelea lote. Akasimama pale pale juu ya farumi, akaniuliza, "Limepata kupanda mwamba?"

Nikamjibu, "Chombo cha bahari hakikosi kugusa mchanga."

Tazameni jibu hilo. Hakuna neno la uwongo ndani yake, na lote ni uwongo. Alicheka, nami nikacheka, akanihesabia shilingi 60,000. Nikamwambia mbele ya mashahidi kwamba nimemwuzia kama alivyoona, na nikajiona nimekwisha kusalimika.

Usiku ule Kilifi sikulala vizuri. Siku ya pili ilikuwa Ijumaa, na kama ilivyo ada nilikaa kuisoma Suratul Kahf. Nikafika katika kisa cha Nabii Musa na Khidhr, pale walipopanda chombo cha maskini wanaofanya kazi baharini, Khidhr akakitoboa. Kisa hiki nimekisoma tangu utotoni na nilikuwa nikikipenda kwa kuwa kina habari za chombo. Siku ile nilikiona kingine. Khidhr alipokuja kueleza sababu alisema kwamba alitaka kukitia aibu, kwa kuwa mbele yao palikuwa na mfalme anayenyang'anya kila chombo kizima. Neno ni lile lile letu, aibu, lenye maana ya kasoro. Yeye aliitia chombo aibu ili maskini wabaki na chombo chao, kisha akaieleza. Mimi nilikuwa na chombo chenye aibu, nikaificha ili fedha ya mwenzangu itoke mkononi mwake. Nikafunga msahafu nikiwa nimetahayari.

Kuna hadithi inayojulikana ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenye nafaka akasema imepigwa na mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuiweka iliyorowa juu watu wakaiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Nilikuwa nikiisikia hadithi hii misikitini na kuwafikiria wauza mchele. Lakini nafaka iliyorowa juu yake nafaka kavu, na mkuku uliopasuka juu yake farumi, ni kitu kimoja. Tena nafaka iliyorowa haimzamishi mtu.

Husimuliwa pia juu ya sahaba Wathila bin Al-Asqaa kwamba alikuwapo mtu mmoja akiuza ngamia, na mnunuzi akaenda zake naye. Wathila alikuwa ameghafilika. Alipozindukana alimkimbilia mnunuzi akamwuliza kama anamtaka ngamia kwa nyama au kwa kupanda. Akasema kwa kupanda. Wathila akamwambia kuwa katika unyayo wake mna tundu, hatastahimili safari. Mnunuzi akarudi, mwuzaji akapunguza dirham mia moja, akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara yake. Wathila akamjibu kwamba walimbai Mtume juu ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Mfano huu unatufaa sana sisi watu wa vyombo. Yoti ya kufungwa horini watu walale ndani yake ni kama ngamia wa nyama. Yoti ya kwenda Ngazidja ni ngamia wa safari, na tundu la unyayo ni jambo la kufa na kupona.

Ama lile neno "nimekuuzia kama ulivyoona", ambalo hata leo husemwa katika kuuza motokaa na mashine na nyumba, wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi hawakulifanya kuwa ngao ya mtu aliyeijua aibu akaificha. Mnunuzi akiigundua aibu iliyokuwapo kabla ya kuuziana ana khiyari ya kukirudisha kitu. Na ikiwa hakirudishiki tena, ana haki ya kulipwa upungufu wa thamani, ambao katika vitabu vya fikihi huitwa arshi. Haya nilikuwa nimeyasoma kwa mwalimu wangu kabla sijaota ndevu. Siwezi kusema sikujua.

Jumamosi chombo kilishushwa majini. Kabla ya injini kuwashwa mkaguzi aliweka kiganja juu yake. Nikamwuliza sababu. Akasema mwuzaji mwenye hila huiwasha alfajiri, ili mnunuzi atakapokuja aikute na joto, ishike mara moja. Ile ilikuwa baridi kama jiwe. Ikashika mara ya tatu, ikatoa moshi mweupe kidogo kisha ukakatika, na yule mzee akasema, "Ndivyo ilivyo. Siku za baridi hushika mara ya nne." Tukatoka nje ya mlango wa Kilifi, kusi likivuma, tukapandisha matanga. Nilishika usukani nikiwa na miaka 68, na sikuona haya kufurahi. Kilikata wimbi kwa uzito, bila ya kutikisika, kama mtu aliyezoea kubeba.

Mwenyewe alikuwa amedai dola 32,000. Baada ya kuhesabu gharama za farumi na mbavu tukapatana 27,000. Mkaguzi akatuonya tubakishe fedha kando, angalau robo ya bei, kwani chombo cha zamani humaliza fedha baada ya kununuliwa kuliko wakati wa kununuliwa. Tukatazama hati zake za usajili, tukahakikisha hakuna deni juu yake, kwani deni la chombo humfuata chombo na si mtu, na tukauliza forodhani ushuru wa kukiingiza nchini. Yote yakawa sawa. Kijana akanitazama anisubiri. Nikasema, "Tupe siku kumi, bwana. Nina deni la kulipa kwanza." Mzee akakubali bila ya kuuliza.

Nisifahamike vibaya. Simsifu mzee yule kwa kuwa ni Mzungu, wala sisemi Wazungu wote ni hivyo. Mkaguzi mwenyewe alituhadithia wauzaji wa kwao waliopaka rangi juu ya mabovu wakaondoka. Ninalosema ni kuwa alilolifanya ndilo tulilofundishwa sisi, na mimi niliyefundishwa sikulifanya.

Nilirudi Lamu nikamwendea sheikh mmoja, nikamweleza yote. Nilikuwa nimekwisha piga hesabu. Fundi mmoja mzee aliniambia jahazi lenye mkuku kama ule lilikuwa na upungufu wa robo ya thamani yake, yaani shilingi 15,000. Lakini shilingi 15,000 za mwaka 1986 na za mwaka 2022 si fedha moja, na nilitaka sheikh aniamulie. Akaniambia, "Hesabu ya deni unayo. Lakini katika dhuluma kuna kitu zaidi ya hesabu, nacho ni kuridhika kwa uliyemdhulumu. Hilo silijui mimi. Nenda kamwulize mwenyewe, angali hai, nawe ungali hai."

Kwenda Siyu kwa chombo huingojea maji kujaa, kwani mkondo wa kuingilia ni mdogo na una mikoko pande mbili. Nilikaa katika mashua nikingoja maji, na katika maisha yangu sikupata kuyaona maji yakijaa upesi vile.

Nilimkuta barazani, ana zaidi ya miaka 80, macho yamepungua nuru. Alinijua kwa sauti. Tukaulizana hali, ikaletwa kahawa. Nikamwambia, "Nahodha, mwaka 1986 uliniuliza swali, nami sikukujibu. Nimekuja kukujibu." Nikamweleza mwamba, na mataruma, na ufa, na deheni.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Nilijua."

Akanieleza. Mwaka wa kwanza tu, katika matlai, wakiwa na shehena ya boriti za watu, mkuku ulifunguka. Walikumba maji kwa ndoo usiku kucha, yeye na mabaharia sita, mmoja wao mwanawe wa miaka 13. Hata alfajiri wakatupa boriti korija thelathini baharini ndipo jahazi likainuka. Hakufa mtu. Lakini boriti zilikuwa za wengine, naye alizilipa kwa miaka miwili.

"Mbona hukuja kwangu?" nikamwuliza.

"Ningekuja na ushahidi gani? Uliniuzia kama nilivyoona. Nikakuachia Mungu."

Wallahi, angenitukana ingekuwa nafuu. Miaka 36 nilikuwa nikila, nikilala, nikihiji, na kesi yangu iko mbele ya Mungu wala sina habari nayo. Nikamtolea hesabu yangu ya robo, nikamwomba aseme mwenyewe ni kiasi gani kitakachomridhisha. Akasema yeye ni mzee, hana haja ya fedha, amenisamehe. Nikataka kumbusu mkono, ndipo ikatoka sauti ya mwanamke ndani, nyuma ya pazia.

"Yeye amesamehe lililo lake. Vikuku vilikuwa vyangu."

Mzee akainamisha kichwa. Yule bibi akasema kwa utulivu, bila ya kupandisha sauti, kwamba boriti zile zililipwa kwa vikuku vyake viwili vya dhahabu alivyopewa na mamake siku ya harusi, tola mbili kila kimoja. Hakuwahi kuvipata vingine. Binti zake watatu waliolewa, na siku ya kila mmoja alikaa mikono mitupu.

Mimi nilikuwa nimekwenda na hesabu ya mkuku. Sikuwa nimefikiri kwamba aibu niliyoificha chini ya farumi iliingia mpaka katika sanduku la mwanamke nisiyemjua. Na nadhani hivyo ndivyo ilivyo dhuluma ya biashara. Mwuzaji humwona mnunuzi aliye mbele yake tu, lakini nyuma ya mnunuzi kuna nyumba nzima.

Nilinunua dhahabu tola nne Mombasa, nikampelekea sonara atengeneze vikuku viwili. Ilipungua akiba yangu zaidi ya dola elfu mbili na nusu. Nilivichukua mwenyewe Siyu, nikamkabidhi mzee, akavipeleka ndani. Palikaa kimya kwa muda. Kisha yule bibi akasema, "Nimepokea. Mungu akupokelee." Hakuongeza neno, nami sikustahiki la kuongezwa.

Kijana wangu nilikuwa nimemweleza yote kabla, kwa kuwa fedha za shirika letu zilikuwa zinapungua naye alikuwa na haki ya kujua sababu. Niliogopa macho yake kuliko nilivyoogopa gharama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, ami. Tutatafuta mtu wa tatu." Dada yake, anayefundisha skuli Mombasa, akaingia nasi kwa sehemu yake, na siku ya kumi tulikwenda Kilifi tukamlipa yule mzee. Alitukabidhi hati, funguo, na lile daftari. Alisema ni sehemu ya chombo, haliuzwi mbali.

Farumi ilishushwa, bolti mbili zikakutwa zimeliwa zikabadilishwa, mbavu ikajengwa upya, na mwaka 2023 chombo kilianza kazi. Siku moja tulikuwa tukiingia Takaungu maji yakiwa yamepwa, tukagusa mchanga. Tuligusa kidogo tu, kama mtu apitaye akakugusa bega, kikateleza kikaendelea. Wageni waliokuwamo hawakujua. Nilimwona kijana akitazama saa, akashuka chini, akarudi na daftari na kalamu. Akaandika tarehe, mahali, kina cha maji na mwendo, kisha akanipa nitie saini.

Nikatia. Mkono wangu ulitetemeka kidogo, naye akadhani ni uzee.

Ndugu zangu, siku hizi wengi wetu tunauza vilivyotumika, vyombo, motokaa, majokofu, simu. Atakapokuja mnunuzi kukuuliza swali lile moja unaloliogopa, ujue huyo hakuuliza peke yake. Mwenyezi Mungu atujaalie ulimi wa kujibu, na atusamehe tulionyamaza, na atupe umri wa kurudisha haki za watu kabla hazijaulizwa mahali ambapo hakuna vikuku vya kulipia. Amin.